GAMAL ABDEL NASSER (1918–1970): UHALALI WA UONGOZI NA USALAMA WA DOLA YA MISRI

Utangulizi

Katika mada ya dola za Kiarabu baada ya ukoloni, swali linalowasumbua watahiniwa wengi ni lile la uhusiano kati ya uhalali wa uongozi na usalama wa nchi. Wengi hujaza karatasi kwa habari za vita na mapinduzi, lakini hawaelezi kwa nini wananchi walimkubali kiongozi mmoja na kumkataa mwingine. Njia nyepesi ya kuielewa mada hii ni kufuata maisha ya mtu mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu huyo ni Gamal Abdel Nasser, aliyekuwa kiongozi wa Misri kuanzia mwaka 1954 hadi alipofariki mwaka 1970.

Kabla ya kuendelea, shika istilahi mbili.

Uhalali wa uongozi ni hali ya wananchi kukubali kwamba anayewatawala ana haki ya kuwatawala. Uhalali unaweza kutokana na uchaguzi, ukoo wa kifalme, dini, au mambo ambayo kiongozi amewafanyia watu wake.

Usalama wa dola ni uwezo wa nchi kujilinda dhidi ya adui wa nje na dhidi ya machafuko ya ndani. Vyombo vyake ni jeshi, polisi na idara za ujasusi.

Unaposoma, jiulize swali hili katika kila hatua: je, vyombo vya usalama vilikuwa vinawalinda wananchi au vilikuwa vinamlinda mtawala?

Kuzaliwa na ujana wake

Nasser alizaliwa tarehe 15 Januari 1918 katika mtaa wa Bakos, mjini Alexandria. Baba yake alikuwa karani wa posta, na asili ya familia ilikuwa kijiji cha Beni Mur, karibu na Asyut, kusini mwa Misri. Hawakuwa maskini wa kutupwa, lakini hawakuwa miongoni mwa mabwana wa ardhi waliokuwa na sauti katika nchi. Mama yake alifariki mwaka 1926, Gamal akiwa na umri wa miaka minane tu. Kwa sababu ya uhamisho wa kikazi wa baba yake, alisoma katika shule mbalimbali.

Mwaka 1930, akiwa bado mwanafunzi, alijiunga na maandamano katika uwanja wa Mansheya mjini Alexandria, akakamatwa na kulala mahabusu usiku mmoja. Kumbuka jina la uwanja huo, kwa maana utakutana nalo tena mara mbili. Novemba 1935 alishiriki maandamano mengine mjini Cairo dhidi ya Waingereza, na risasi ikamparaza kichwani.

Alipomaliza sekondari aliomba kujiunga na Chuo cha Kijeshi, akakataliwa. Akasoma sheria kwa muda mfupi, kisha akaomba tena na mwaka 1937 akakubaliwa. Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kuwafungulia milango ya chuo hicho vijana wa familia za kawaida. Uamuzi huo mdogo ulikuwa na matokeo makubwa. Maofisa walioipindua Misri miaka 15 baadaye walitoka katika kundi hilo la watoto wa makarani, walimu na wakulima wa kati.

Misri aliyoikuta

Misri ilitangazwa kuwa huru mwaka 1922, lakini uhuru huo ulikuwa na kasoro kubwa. Mkataba wa mwaka 1936 uliwaruhusu Waingereza kuendelea kuweka majeshi katika eneo la Mfereji wa Suez. Mfalme alikuwepo, bunge lilikuwepo na vyama vilikuwepo, lakini neno la mwisho mara nyingi lilitoka kwa balozi wa Uingereza.

Matukio matatu yaliuvunja uhalali wa utawala wa Mfalme Farouk.

(a) Tukio la Abdeen, tarehe 4 Februari 1942. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Waingereza walizingira ikulu kwa vifaru na kumlazimisha mfalme amteue waziri mkuu waliyemtaka wao. Maofisa vijana waliona aibu. Mfalme asiyeweza kulinda mlango wa ikulu yake angewezaje kuilinda nchi?

(b) Vita vya Palestina, 1948–1949. Nasser alipigana vita hivyo na akajeruhiwa. Kikosi chake kilizingirwa Faluja kwa miezi kadhaa, lakini hakikusalimu amri. Askari walirudi nyumbani wakiamini kwamba walishindwa kwa sababu ya uzembe na rushwa ya wakubwa mjini Cairo.

(c) Matukio ya Januari 1952. Tarehe 25, majeshi ya Uingereza yaliwashambulia polisi wa Misri mjini Ismailia na kuua makumi yao. Kesho yake hasira ilifurika Cairo, na sehemu kubwa ya katikati ya mji ikateketea kwa moto. Serikali haikuweza kuwazuia Waingereza, wala haikuweza kuzima machafuko ya wananchi wake.

Zingatia: Farouk alipoteza usalama na uhalali kwa pamoja. Alikuwa na haki ya ukoo, lakini haki hiyo haikumsaidia pale wananchi walipoona kwamba haiwapi ulinzi wala heshima.

Mapinduzi ya Julai 1952

Baada ya vita vya Palestina, Nasser na wenzake waliunda kikundi cha siri cha Maofisa Huru. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Julai 1952 waliteka makao makuu ya jeshi, kituo cha redio na sehemu nyingine muhimu mjini Cairo. Umwagaji damu ulikuwa mdogo sana. Tarehe 26 Julai mfalme alijiuzulu, akaondoka Alexandria kwa meli yake iitwayo Mahrousa.

Maofisa hao walikuwa vijana. Nasser mwenyewe alikuwa na miaka 34. Kwa kuwa hawakujulikana kwa wananchi, walimweka mbele Jenerali Muhammad Naguib, mtu mzima aliyeheshimika kwa ushujaa wake vitani. Misri ikatangazwa jamhuri tarehe 18 Juni 1953, na Naguib akawa rais wa kwanza.

Hatua yao ya kwanza kubwa ilikuwa Sheria ya Ardhi ya Septemba 1952. Kabla ya hapo, sehemu isiyofikia asilimia moja ya wenye mashamba walimiliki takribani theluthi moja ya ardhi yote ya kilimo. Sheria iliweka kikomo cha feddan 200 kwa mtu mmoja. Feddan moja inakaribia ukubwa wa ekari moja. Kikomo hicho kilishushwa hadi 100 mwaka 1961, na 50 mwaka 1969. Si wakulima wote waliopata ardhi, lakini mabwana wakubwa walivunjwa nguvu, na mkulima wa kawaida aliona kwamba serikali imemkumbuka.

Hata hivyo, Januari 1953 maofisa walipiga marufuku vyama vya siasa. Hapo ndipo penye mzizi wa tatizo utakaloliona baadaye. Uhalali ulianza kujengwa kwa matendo, huku mlango wa kumhoji mtendaji ukifungwa.

Mvutano wa mwaka 1954

Naguib alitaka jeshi lirudi kambini na bunge lirejeshwe. Nasser na wenzake wengi waliona kwamba kufanya hivyo ni kuwarudishia nchi mabwana wa zamani. Mvutano ulipamba moto kati ya Februari na Machi 1954. Naguib aliondolewa, akarudishwa kutokana na shinikizo la watu na sehemu ya jeshi, kisha akapokonywa nguvu hatua kwa hatua.

Tarehe 26 Oktoba 1954, Nasser alipokuwa akihutubia umati katika uwanja uleule wa Mansheya, mwanachama wa Udugu wa Kiislamu alimfyatulia risasi kadhaa. Zote zilimkosa. Nasser hakukimbia. Aliendelea na hotuba, nayo ikasikika redioni nchi nzima. Umaarufu wake ulipanda kwa usiku mmoja. Baada ya tukio hilo maelfu ya wanachama wa Udugu walikamatwa na sita wakanyongwa. Mwezi Novemba Naguib aliondolewa kabisa na kuwekwa katika kizuizi cha nyumbani, akihusishwa na kundi hilo.

Tukio hili ni muhimu kwa mtahiniwa. Risasi zile zilimpa Nasser vitu viwili kwa pamoja: mapenzi ya watu na sababu ya kupanua nguvu za vyombo vya usalama.

Mfereji wa Suez, 1956

Oktoba 1954 Nasser alitia saini mkataba wa kuondoka kwa majeshi ya Uingereza, na askari wa mwisho waliondoka Juni 1956. Mwezi huohuo wananchi walipiga kura ya maoni iliyopitisha katiba mpya na kumthibitisha Nasser kuwa rais. Mgombea alikuwa yeye peke yake, na kura za ndiyo zilizidi asilimia 99. Katiba hiyo pia iliwapa wanawake haki ya kupiga kura.

Nasser alitaka kujenga bwawa kubwa Aswan ili kudhibiti mafuriko ya Mto Nile, kumwagilia mashamba na kupata umeme. Marekani na Uingereza ziliahidi mkopo. Hata hivyo hazikupendezwa na uamuzi wake wa mwaka 1955 wa kununua silaha kutoka kambi ya Kisovieti kupitia Czechoslovakia, wala na msimamo wake wa kutofungamana na upande wowote aliouonyesha katika mkutano wa Bandung. Tarehe 19 Julai 1956 Marekani iliondoa ahadi yake.

Wiki moja baadaye, tarehe 26 Julai, Nasser alisimama tena Mansheya. Katikati ya hotuba alitaja jina la Ferdinand de Lesseps, Mfaransa aliyesimamia uchimbaji wa mfereji. Jina hilo lilikuwa ishara ya siri. Vikundi vya Wamisri vilivyokuwa vikisikiliza redio viliingia katika ofisi za kampuni ya mfereji na kuzichukua. Mfereji, uliofunguliwa mwaka 1869 na kumilikiwa na kampuni ya kigeni yenye makao Paris, ukawa mali ya Misri. Wenye hisa waliahidiwa fidia, na makubaliano ya malipo yalifikiwa mwaka 1958.

Wazungu wengi walidhani Wamisri hawataweza kuongoza meli. Marubani wa kigeni walipoacha kazi mwezi Septemba, meli ziliendelea kupita.

Tarehe 29 Oktoba Israel iliishambulia Sinai kwa makubaliano ya siri na Uingereza na Ufaransa. Siku mbili baadaye ndege za mataifa hayo mawili zilianza kupiga mabomu, na Novemba vikosi vyao vikatua Port Said. Kijeshi, Misri ilizidiwa. Lakini Marekani na Muungano wa Kisovieti, kila moja kwa sababu zake, zilipinga uvamizi huo, na Uingereza ikabanwa kiuchumi. Waingereza na Wafaransa waliondoka Desemba 1956, na Israel ikaondoka Machi 1957. Umoja wa Mataifa uliweka kikosi cha kulinda amani mpakani.

Zingatia: Makosa ya kawaida ni kuandika kwamba jeshi la Misri lilishinda vita vya mwaka 1956. Nasser alishinda kisiasa, si kijeshi. Kasoro za jeshi zilizoonekana wakati ule hazikurekebishwa, na miaka 11 baadaye Misri ililipa gharama yake.

Kiongozi wa Waarabu na rafiki wa Afrika

Baada ya Suez, picha za Nasser zilitundikwa madukani na majumbani kuanzia Morocco hadi Iraq. Redio yake, Sauti ya Waarabu, iliyoanza mwaka 1953, ilisikilizwa katika nchi ambazo wafalme wake walitamani inyamaze. Radio Cairo ilitangaza pia kwa Kiswahili miaka ya 1950, na ikawafikia wasikilizaji wa Afrika Mashariki waliokuwa bado chini ya Uingereza. Mwaka 1963 Misri ilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, na Julai 1964 wakuu wa nchi walikutana Cairo na kukubaliana kuheshimu mipaka iliyorithiwa wakati wa uhuru.

Kulikuwa pia na jambo lisilowafurahisha majirani wa Nile. Mwaka 1959 Misri na Sudan zilitia saini mkataba wa kugawana maji ya mto huo: Misri mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka, na Sudan bilioni 18.5. Nchi za juu ya mto hazikushirikishwa. Tanganyika ilipopata uhuru, Mwalimu Nyerere alitangaza mwaka 1962 kwamba nchi yake haifungwi na mikataba ya maji iliyowekwa na wakoloni bila ridhaa yake.

Februari 1958 Misri na Syria ziliungana na kuwa Jamhuri ya Muungano wa Nchi za Kiarabu, Nasser akiwa rais. Julai mwaka huo mfalme wa Iraq alipinduliwa na maofisa wa jeshi. Ilionekana kana kwamba wafalme wote wa eneo hilo wataanguka. Lakini Wasyria walichoka kuamriwa kutoka Cairo. Vyama vyao vilifutwa, maofisa wao waliwekwa chini ya Wamisri, na idara ya usalama ya Syria ilitawala kwa vitisho. Tarehe 28 Septemba 1961 maofisa wa Syria walijitenga. Shangwe za mwaka 1958 hazikutosha kuushikilia muungano ambao raia wake hawakuwa na njia ya kuurekebisha.

Mageuzi ya ndani

Mwaka 1961 serikali ilitaifisha mabenki, bima na viwanda vingi. Mwaka 1962 ada za vyuo vikuu zilifutwa, na wahitimu wakaahidiwa kazi serikalini. Mtoto wa mkulima aliweza kuwa daktari au mhandisi. Ujenzi wa Bwawa la Aswan ulianza Januari 1960 kwa mkopo na wataalamu wa Kisovieti, ukakamilika mwaka 1970. Bwawa lina urefu wa karibu kilomita 4 na kimo cha mita 111. Liliwaletea Wamisri umeme na kuwakinga na mafuriko na ukame, lakini Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa kutoka katika makazi ya mababu zao.

Wanazuoni wengine huuita utaratibu huu mapatano yasiyoandikwa. Serikali iliwapa watu elimu, kazi, bei nafuu za vyakula na heshima. Watu nao waliiachia serikali siasa.

Vyombo vya usalama: nani aliwalinda na nani aliwachunga?

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Nasser aliingia madarakani kwa njama ya maofisa, kwa hiyo alijua vizuri kwamba maofisa wengine wangeweza kufanya kama yeye. Alichukua hatua mbili.

Kwanza, alilikabidhi jeshi kwa rafiki yake wa kuaminika, Abdel Hakim Amer. Mwaka 1953 Amer alipandishwa kutoka meja hadi meja jenerali kwa hatua moja. Kigezo kilikuwa uaminifu, si ujuzi wa kuongoza majeshi makubwa. Amer naye aliwapenda maofisa wake na kuwapa vyeo na marupurupu, hata jeshi likawa kama milki yake. Mwaka 1962 Nasser alijaribu kumpunguzia nguvu, Amer akakataa, na rais akalazimika kurudi nyuma.

Pili, alijenga idara nyingi za ujasusi zilizochungana zenyewe kwa zenyewe na kuwachunga raia. Kuanzia mwaka 1957 Idara Kuu ya Ujasusi iliongozwa na Salah Nasr. Sheria ya hali ya hatari ya mwaka 1958 iliruhusu watu kukamatwa na kuzuiliwa bila kufuata utaratibu wa kawaida wa mahakama. Wakomunisti, wanachama wa Udugu wa Kiislamu na wakosoaji wengine walijaa magerezani, na mateso yalikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1966 mwandishi Sayyid Qutb alinyongwa. Maandishi yake yalisambaa zaidi baada ya kifo chake kuliko wakati alipokuwa hai.

Tatizo la mfumo huu halikuwa ukatili peke yake. Mfumo ulimfanya mtawala asipate habari za kweli. Magazeti yalikuwa ya serikali tangu mwaka 1960, bunge lilikuwa la chama kimoja, na maofisa wa usalama waliandika ripoti zilizompendeza mkubwa wao. Mgema akisifiwa sana, tembo hulitia maji. Aliyebaki na ujasiri wa kusema kwamba jeshi halijawa tayari kwa vita hakuwa na mahali pa kusemea.

Kuanzia Septemba 1962 Misri ilipeleka askari Yemen kuiunga mkono jamhuri dhidi ya wafuasi wa imamu. Idadi yao ilipanda hadi kufikia takribani 70,000. Vita vilivyotarajiwa kuwa vifupi vilidumu miaka mitano, vikaua maelfu ya Wamisri na kumaliza fedha za kigeni.

Juni 1967

Mei 1967 Nasser alipata taarifa kutoka kwa Wasovieti kwamba Israel inakusanya majeshi dhidi ya Syria. Taarifa hiyo haikuwa sahihi. Hata hivyo, alipeleka jeshi Sinai, akataka kikosi cha Umoja wa Mataifa kiondoke, na tarehe 22 Mei akatangaza kufunga mlango wa bahari wa Tiran kwa meli za Israel. Wengi wanaamini alitaka ushindi wa kisiasa kama ule wa Suez bila kupigana. Askari wake wengi na wazuri walikuwa bado Yemen.

Asubuhi ya tarehe 5 Juni ndege za Israel zilivishambulia viwanja vya ndege vya Misri. Wakati huo Amer alikuwa angani akielekea Sinai, na mizinga ya kutungulia ndege ilikuwa imeamriwa isifyatue ili asidhurike. Kwa saa chache Misri ilipoteza ndege karibu 300, nyingi zikiwa ardhini. Wakati huohuo redio ilitangaza kwamba ndege nyingi za adui zimetunguliwa, na watu wakashangilia mitaani. Kesho yake Amer aliamuru jeshi lote lirudi nyuma bila mpango, na maelfu ya askari wakafa jangwani. Kwa siku sita Israel ilikuwa imetwaa Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na Milima ya Golan.

Siku mbili za kushangaza

Tarehe 9 Juni jioni Nasser alitokea kwenye televisheni, akakubali kubeba dhamana ya yaliyotokea na kutangaza kujiuzulu. Kabla usiku haujaingia sana, mamia ya maelfu ya watu walimiminika mitaani Cairo wakimtaka abaki. Miji mingine ya Waarabu ilifanya vivyo hivyo. Tarehe 10 Juni alifuta uamuzi wake.

Swali hili hupenda kuulizwa: kwa nini watu walimtaka kiongozi aliyewafikisha katika fedheha ile? Zipo hoja kuu tatu. Kwanza, walikumbuka ardhi, shule na Suez, na kumpoteza yeye kulionekana kama kumpa adui ushindi wa pili. Pili, hakukuwa na mtu wala chama kingine kilichoruhusiwa kukua, kwa hiyo hawakuona wa kumrithi. Tatu, baadhi ya wanahistoria husema chama tawala kilisaidia kuhamasisha umati, ingawa wingi wa watu ulizidi uwezo wa chama chochote kuupanga. Jibu zuri hutaja hoja zote tatu na kuzipima.

Miaka ya mwisho na kifo

Mapenzi ya Juni hayakuwa hati ya kutawala bila kuulizwa. Amer aliondolewa, akatuhumiwa kupanga njama, na Septemba 1967 akafariki. Serikali ilisema alijiua. Salah Nasr alishtakiwa na kufungwa. Februari 1968 makamanda wa jeshi la anga walipopewa adhabu ndogo, wafanyakazi wa viwanda vya Helwan na wanafunzi wa vyuo vikuu waliandamana. Safari hii hawakutaka tu makamanda waadhibiwe, bali pia uhuru wa kusema na bunge la kweli. Nasser aliamuru kesi isikilizwe upya, na tarehe 30 Machi akatoa mpango wa mageuzi. Sehemu ndogo tu ya mpango huo ilitekelezwa.

Alilijenga upya jeshi, safari hii kwa maofisa wenye elimu na ujuzi, na akapigana vita vya kumchosha adui kando ya mfereji mwaka 1969 na 1970. Agosti 1970 alikubali kusitisha mapigano. Afya yake ilikuwa mbaya: alikuwa na kisukari na alikwisha kupata mshtuko wa moyo.

Septemba 1970 mapigano yalizuka Jordan kati ya jeshi la mfalme na wapiganaji wa Kipalestina. Nasser aliwaita viongozi wa Kiarabu Cairo, na tarehe 27 wakakubaliana kusitisha vita. Siku iliyofuata, tarehe 28 Septemba 1970, baada ya kumsindikiza mgeni wake wa mwisho uwanja wa ndege, alifariki kwa maradhi ya moyo akiwa na miaka 52. Mamilioni ya watu walijaa mitaani siku ya mazishi, tarehe 1 Oktoba. Makamu wake, Anwar Sadat, alimrithi.

Tathmini

Ukilinganisha Misri na dola nyingine za Kiarabu za wakati ule, utaona vyanzo tofauti vya uhalali. Jordan na Morocco zilitegemea ukoo wa kifalme unaojinasibisha na Mtume. Saudi Arabia ilitegemea ukoo, wanazuoni wa dini na ulinzi wa miji mitakatifu. Misri, na baadaye Libya ya mwaka 1969, zilitegemea mapinduzi na ahadi ya maendeleo na heshima. Chanzo cha namna hii kina nguvu, lakini kinadai malipo kila siku. Anayetawala kwa matendo lazima aendelee kutenda na kufanikiwa.

Nasser alikuwa na uhalali wa kweli. Mazishi yake yanathibitisha hivyo, kwa sababu mtu aliyekwisha kufa hana polisi wa kuwalazimisha watu walie. Hata hivyo, hakuamini kwamba uhalali huo ungeweza kustahimili upinzani na maswali. Aliuzungushia ukuta wa majasusi na maofisa watiifu. Ukuta huo ulimkinga na wapinzani wa ndani, lakini ulimziba macho. Siku adui wa nje alipofika, jeshi lililozoea kumlinda mtawala halikuweza kuilinda nchi.

Tarehe za kukumbuka

1918 – Kuzaliwa Alexandria
1942 – Waingereza wazingira ikulu ya Abdeen
1952 – Mapinduzi ya tarehe 23 Julai. Sheria ya Ardhi
1954 – Jaribio la kumuua, Naguib aondolewa
1956 – Mfereji wa Suez wataifishwa. Uvamizi wa nchi tatu
1958–1961 – Muungano wa Misri na Syria
1962–1967 – Majeshi ya Misri Yemen
1967 – Vita vya Siku Sita. Ajiuzulu na kurejea
1968 – Maandamano ya wafanyakazi na wanafunzi
1970 – Kifo. Bwawa la Aswan lakamilika

Maswali ya marudio

1. Eleza mambo matatu yaliyomfanya Mfalme Farouk apoteze uhalali wa kutawala.
2. Tofautisha ushindi wa kisiasa na ushindi wa kijeshi kwa kutumia mfano wa mwaka 1956.
3. Kwa nini muungano wa Misri na Syria ulivunjika? Toa sababu tatu.
4. Vyombo vya usalama vilivyojengwa kumlinda Nasser vilichangia kushindwa kwa Misri mwaka 1967. Jadili.
5. Wananchi walimtaka Nasser abaki Juni 1967, lakini waliandamana Februari 1968. Je, walikuwa wamembadilikia? Fafanua.

Dokezo kwa swali la 5: Usikimbilie kuandika ndiyo au hapana. Onyesha kwamba mwananchi anaweza kumkubali kiongozi na papo hapo kudai haki ya kumuuliza. Mtahiniwa atakayeeleza tofauti hiyo kwa mifano miwili atapata alama nzuri.